Zamu ya Nyumba ya Rambek

Tolga, Iowa
18 Julai 1926

Kaka yangu Torvald,

Sisi tu wazima, mimi na mama mkwe, ila yeye masikio yanazidi kuziba, na kila asilotaka kulisikia anayasingizia masikio hayo hayo. Shayiri nimemaliza kuikata, na nimeikata mwenyewe. Farasi wawili wa marehemu mume wangu Nils wameivuta mashine bila ubishi, nami nikafuata nyuma nikisimamisha miganda mpaka mgongo ukanikatika. Sasa imekaa shambani inakauka, inangoja kupurwa. Ukiiona utasema kazi ya wanaume.

Nisikuzungushe. Nimekasirika na nataka msaada wako.

Leo baada ya ibada nilimfuata Elling Brekhus pale penye farasi. Si unajua yeye ndiye msimamizi wa mzunguko wetu wa kupura, na injini ya mvuke ni yake. Nikamuuliza, "Elling, mnaanza kwangu lini?" Akajikuna shingo. "Tutaona, Gunhild." Nikamwambia, "Tutaona nini? Mwaka jana tulikuwa wa mwisho." Akasema, "Mambo yamebadilika," akapanda gari lake huyo akaondoka, akaniacha nimesimama na kitabu changu cha nyimbo mkononi.

Torvald, wewe umekaa mjini miaka mingi lakini hili hujalisahau. Nyumba nane, kila nyumba inatoa gari la farasi na mtu, mashine inazunguka shamba hadi shamba, na aliyekuwa wa mwisho mwaka huu ndiye wa kwanza mwaka ujao. Kila mtoto wa Tolga analijua hilo kabla hajaijua Sala ya Bwana. Mwaka jana Nils alipura mwisho wa wote, kwenye tope la Septemba, na hakufungua mdomo kulalamika kwa sababu alijua zamu yake inakuja. Ni kosa lake kwamba alikufa Aprili? Au ni langu?

Wewe na Elling mmekua pamoja, mmeiba matofaa ya mchungaji pamoja. Nisemee kwake. Mwanamume akisema na mwanamume husikilizwa, na jambo hilo linanichefua, lakini shayiri haitangoja mpaka nimalize kuchefukwa. Mwambie hivi tu: Gunhild ana farasi, ana gari, ana mikono. Zamu yake aachiwe. Mifugo yangu inakula shayiri hiyo majira yote ya baridi. Nikiikosa ng'ombe watauzwa, na ng'ombe wakiondoka hapa, mimi na mama Ragna tutafuata nyuma.

Dada yako,
Gunhild Rambek


Minneapolis
23 Julai 1926

Dada yangu mpendwa Gunhild,

Barua yako nimeipata na nimeishughulikia siku hiyo hiyo. Sikumwandikia Elling. Nilimpigia simu, moja kwa moja kutoka ofisini kwetu kiwandani, ili ujue uzito niliolipa jambo lako. Tulizungumza kirefu, wanaume wawili, faraghani.

Elling anakuheshimu sana. Lakini yuko kwenye nafasi ngumu. Anasema kila nyumba ni lazima itoe mwanamume, na nyumba yako haina. Wakikuachia wewe, kesho mwingine atataka kuleta babu yake. Nilimbana kadiri nilivyoweza. Ila nakuomba utulie, uangalie mambo kwa mapana yake.

Shamba lile ni kubwa kwa mwanamke mmoja na kikongwe. Majira ya baridi yakifika nani atapasua kuni? Nani atavunja barafu kwenye birika la ng'ombe? Sisi hapa tuna chumba kidogo karibu na jiko, kina joto zuri. Agnes ni mjamzito, na daktari hataki asimame sana. Watoto wanakupenda. Ungekuwa mikononi mwa watu wako, ungesaidia hapa na pale, na wala usingejiona mzigo.

Kuhusu mama Ragna, usiwaze. Nimeulizia nyumba ya wazee ya kanisa huko kwenu. Wana nafasi.

Elling mwenyewe ni mtu mwema, na angeweza kulikodi shamba, likabaki mikononi mwa mtu tunayemjua. Nalitaja tu.

Kaka yako akupendaye,
Torvald Skaar


Tolga
30 Julai 1926

Kaka Torvald,

Asante kwa kunisemea. Sitasahau kwamba uliacha kazi zako ukapiga simu kwa ajili yangu. Kama hawakukusikiliza wewe, basi hawa watu hawana masikio, wana mapambo tu kichwani.

Jumatano injini imepita langoni kwangu. Imepita, Torvald! Nilikuwa nimefagia baraza, nimeoka mikate tangu jana yake, maana nilisema labda wataona aibu. Nikaisikia inakuja, nikatoka na aproni yangu safi, na Elling juu yake anaangalia mbele kama barabara imeota miiba. Akapiga filimbi kwa ajili ya kona, akakata kuelekea kwake. Ameanza kwake mwenyewe!

Basi nikawafunga farasi wetu, Blakken na Svarten, kwenye gari la miganda nikawafuata. Nimefika uani kwake, wanaume wote wapo. Nikasema, "Nyumba ya Rambek imeleta gari lake." Wakatazamana. Mmoja akacheka kwa pua.

Elling akaja akashika hatamu za farasi wangu. "Gunhild, rudi nyumbani."

"Gari hili lilikuwa hapa mwaka jana na mwaka juzi. Limekosa nini?"

"Gari halijakosa. Mwanamke hapandi juu ya miganda. Na zamu ikifika kwako nani atapika, kama wewe uko shambani na uma wa miganda?"

"Nikipika mtasema sina mtu shambani. Nikiwa shambani mtasema hakuna wa kupika. Niambie basi nife lini, nipange na hilo."

Elling akaachia hatamu. Halafu mzee Sorbel, yule mwenye mashavu mekundu, akasema, "Si umsikilize ndugu yako tu, Gunhild." Nami nikamjibu, "Ndugu yangu amewaambia kama mimi nilivyowaambia!" Wote wakaangalia chini. Niliona kwamba jina lako limewagusa, nikafurahi.

Nimerudi nyumbani nimemkuta mama Ragna mlangoni. Nikampigia kelele sikioni kumweleza yote. Akasema, "Elling Brekhus? Huyo nilimbadilisha nepi mimi. Hakuwa na kitu cha ajabu wakati ule na hana sasa." Ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka tangu Aprili.

Kuhusu Minneapolis: hapana. Usinitajie tena nyumba ya wazee. Mama huyu amezaliwa upande wa pili wa bahari, amevuka na mtoto mgongoni, amelifyeka shamba hili wakati lilikuwa kichaka. Leo apewe kitanda kati ya vitanda ishirini na uji usio na chumvi? Thubutu!

Njoo. Ndilo ninalokuomba. Chukua likizo yako, njoo usimame juu ya gari langu. Wanataka mwanamume, basi waone mwanamume. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa magharibi.

Dada yako,
Gunhild


Minneapolis
3 Agosti 1926

Dada yangu Gunhild,

Nimesoma barua yako kwa huzuni. Kuja siwezi. Ngano mpya inaingia kiwandani na ofisi haiwezi kubaki bila mimi. Tena, niseme ukweli, sijashika uma tangu niwe kijana, na sidhani ingekuwa jambo la heshima kwa yeyote kati yetu.

Unajitesa bure. Ni shayiri tu, Gunhild, chakula cha farasi. Mvua ikiinyeshea, imenyesha. Wakati mwingine Mungu hufunga mlango ili tuache kuugonga. Elling yuko tayari kulichukua shamba kuanzia Oktoba, na ng'ombe wako atawachukua pia, kwa hiyo hawataenda kwa wageni. Ni mpango mzuri kuliko wowote utakaoupata ukingoja.

Na usiende tena kwa watu na gari. Fikiria jina la marehemu mumeo. Fikiria hata la kwetu.

Agnes anakusalimu. Chumba kimepakwa rangi.

Kaka yako,
Torvald


Kwa Brekhus
Jumamosi, 7 Agosti

Jirani yangu Gunhild,

Nakuletea karatasi hii mwenyewe na nitaiacha chini ya kopo la maziwa, maana uso kwa uso sitaweza. Ukinichukia baada ya kuisoma utakuwa na haki.

Unajua waya wetu wa simu. Nyumba nane kwenye waya mmoja, kengele ikilia kwa mmoja inalia kwa wote, na hakuna mwanamke kati yetu asiyewahi kunyanyua taratibu akasikiliza huku anakoroga supu. Na sheria yake unaijua: unasikiliza, lakini ulichosikia unakifukia. Ukikitoa, kesho nani atakuamini? Nimeishi kwa sheria hiyo tangu simu iletwe. Leo naivunja.

Ile siku kaka yako alipompigia Elling, wewe ulikuwa shambani, na mama Ragna kengele haisikii. Sisi tulikuwepo. Mimi nilikuwa ghalani, lakini mke wa Sorbel alisikia, mke wa Tufte alisikia, wote walisikia. Elling alisema, "Torvald, kwa haki zamu ni yake. Sitaki lawama." Kaka yako akamjibu, "Mrukeni. Mkimpuria atang'ang'ania, atakaa hapo mpaka afe. Shayiri ikioza atakuja kwetu mwenyewe. Nitakuwa nimemsaidia, na wewe shamba utakodi." Hayo ndiyo maneno. Mke wa Tufte aliyarudia kwangu, na nilipomuuliza Elling usiku ule hakukana. Alisema, "Ni ndugu yake wa damu, yeye ndiye anayejua lililo jema kwake."

Huyu ameondoka shambani miaka mingi hata akasahau waya wa shambani. Alidhani anaongea na mtu mmoja!

Tulikaa kimya, Gunhild. Tulisema hayatuhusu, tulisema ni mambo ya ndugu. Kisha jana mvua ya pili imenyesha, nikapita njia ya kwako nikaiona miganda yako imelala. Nimeolewa na Elling, lakini dhamiri yangu sikuitoa kama mahari.

Jumatatu mashine iko kwa Sorbel. Sisi hatutakuwepo kwa Sorbel. Tutakuja kwako asubuhi na kuku, na viazi, na pai, na sufuria zetu zote. Washa jiko. Unajua desturi yao: mzunguko hauli mezani kwa mtu ambaye haumpurii. Na mwenye njaa hana pa kwenda ila penye chakula.

Palma


Tolga
11 Agosti 1926

Torvald,

Nimeanza barua hii mara tatu na "kaka," na mara tatu nimeichoma. Kwa hiyo Torvald.

Nimeambiwa kila neno. "Mrukeni." "Shayiri ikioza atakuja mwenyewe." Nilikutuma ukaniombee zamu yangu, ukaenda ukaiua. Kisha ukaniandikia "nilimbana kadiri nilivyoweza." Ukaniacha nisimame mbele ya wanaume wote wa Tolga nikijivuna kwa jina lako, nao wakiangalia viatu vyao kwa aibu. Nilidhani umewagusa! Kumbe walikuwa wananionea huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini mimi nguo hiyo nilikuwa naifua na kuipiga pasi.

Faraghani, ulisema. Umesahau waya, Torvald. Umekula unga mweupe wa mjini mpaka umesahau kwamba huku ukikohoa kwenye simu, kesho kanisani nyumba saba zitakuuliza kifua chako kinaendeleaje.

Nikusimulie yaliyotokea ili usiyasikie kwa Elling.

Jumatatu wanawake walifika kabla umande haujakauka. Sijawahi kuona kuku wengi namna ile wakichemka nyumba moja. Mke wa Sorbel aliliacha jiko lake baridi, akaacha paka tu kulinda. Saa sita wanaume wakarudi kutoka shambani kwa Sorbel, wakanawa, wakaingia, hawakuona hata ganda la kiazi. Elling akaiendea simu. Ikalia kwangu. Mama Ragna, ambaye Palma alimwonyesha kwa kidole kwamba inalia, akainyanyua na kupiga kelele ndani yake, "Sisikii! Ukiwa na neno njoo ulisemee hapa!" Akaitundika. Ikalia tena. Akarudia vile vile. Ya tatu haikulia.

Wakaja na magari yao yote, wamenuna. Elling akasimama chini ya baraza. "Palma, huu ni upumbavu. Shayiri ya Sorbel iko wazi."

Palma akamjibu kutoka mlangoni, na kijiko mkononi, "Ya Gunhild imefunikwa na nani?"

"Twende nyumbani."

"Nenda. Kuna maji kisimani."

Nyuma yake harufu inatoka, kuku na vitunguu na siagi. Wakasimama pale. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, Torvald, na sikuhitaji hata moja. Mzee Sorbel ndiye aliyevunjika kwanza. Akasema, "Mimi nina njaa, na huyu mwanamke ana haki yake, na nilijua hivyo tangu mwanzo." Akanawa mikono, akaingia, akakaa. Mmoja akamfuata, na mwingine akamfuata. Elling akabaki peke yake uani na kofia yake. Mwishowe akaingia, akala kama wote, tena pai mbili. Alipomaliza, mama Ragna akamwinamia mezani: "Umeshiba, Elling? Haya. Injini iko wapi?"

Jana asubuhi ilipiga filimbi langoni kwangu. Imenipuria. Wala usinipongeze, kwa sababu nusu ilikuwa imekwisha chipuka ndani ya miganda, imeota mizizi kwa mvua zile mbili. Ukishika mganda unanuka kama stoo ya viazi. Ng'ombe wawili lazima niwauze. Hao ni kazi ya mkono wako, uwajue: Rosa na yule mwenye pembe moja, ambaye Nils alimlea kwa chupa.

Wanawake niliwashukuru, kisha nikawauliza: mlijua tangu Julai? Palma alilia. Sikumbembeleza. Nitambembeleza siku nyingine.

Sasa sikiliza. Baada ya yote hayo Elling amesimama mbele ya watu akasema hataki ugomvi, lakini sheria ni sheria: nyumba ya Rambek imepuriwa, mashamba manne yamebaki, na gari langu litakuwa na mwanamume juu yake au mwakani nisiitwe. Nikamwambia mwanamume ninaye. Yuko Minneapolis, anajua sana yaliyo mema kwangu.

Utakuja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe sikupi hata hizo mbili, uma wako utaukuta mlangoni. Usipokuja nitazungusha mkono wa simu, nitaomba ofisi yenu, na nitamweleza mkubwa wako neno kwa neno jinsi unavyosaidia ndugu zako saa za kazi. Waya wa huko sijui una masikio mangapi.

Na umwonyeshe Agnes barua hii. Nataka kujua kama na yeye alikuwemo.

Gunhild Rambek


Tolga
28 Agosti 1926

Mke wangu Agnes,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kwa sababu viti vyote vimepelekwa kwa Brekhus kwa sherehe ya kufunga kazi na hakuna aliyenikumbuka kuniachia kimoja. Mikono yangu ndiyo inayoufanya mwandiko uwe hivi.

Sijui niseme nini kuhusu wewe uliyenifungia sanduku kabla sijamaliza hata kuisoma ile barua. Ulisema, "Mimi sikuomba mtumishi, Torvald, na wala daktari hakusema chochote kuhusu kusimama." Ulisema mbele ya watoto. Nimelifikiria neno hilo kila siku huku. Nilifanya yale kwa ajili yenu wote, na sioni mtu hata mmoja duniani anayeniona hivyo.

Nilifika, nikakuta kweli uma umeegemezwa mlangoni. Dada yangu hakunipa mkono. Alisema, "Farasi wamekwisha fungwa." Basi! Hata kahawa!

Siku ya kwanza nilipanda gari. Kule chini wanakurushia miganda, juu unatakiwa kuipanga, masuke ndani, mabua nje, la sivyo mzigo unateleza. Nilikuwa naijua kazi hii zamani. Mzigo wangu ulimwagika katikati ya barabara, mbele ya nyumba ya Tufte, na mke wake akatoka kutazama. Nikaupakia tena. Ukamwagika tena. Yule mzee Sorbel aliniuliza kama huko kiwandani unga tunaupanga hivyo hivyo. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Siku ya pili mikono ilipasuka na nikaona giza. Siyo utani, Agnes, nilianguka. Wakanilaza chini ya gari wakanimwagia maji ya farasi. Nilipofumbua macho Gunhild alikuwa amekwisha kuupanda ule mzigo na uma wangu mkononi, amejifunga sketi kwa kamba. Elling alifungua mdomo kusema kitu, akautazama mzigo, akatazama mawingu, akaufunga. Mashine ilikuwa inangoja.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeko kwenye gari na mimi ndiye niliyeko jikoni. Naam, jikoni, chini ya amri ya yule kikongwe! Namenya viazi. Nikikata ganda nene ananipiga kiganja na kijiko. Nikijitetea hasikii. Nabeba maji kupeleka shambani, na wanaume wananinyooshea vikombe bila kunitazama, "Maji, Torvald," basi. Mimi, msimamizi wa idara!

Nilijaribu kuzungumza naye kama ndugu. Nilimwambia, "Gunhild, nilihofia majira ya baridi yatakuua." Akasema, "Hukuhofia. Ulipanga." Akaenda kulisha farasi. Ameuza ng'ombe wawili juzi, alisimama langoni mpaka gari lilipotokomea, na nilipokwenda kusimama karibu naye akasogea.

Lakini jambo la leo ndilo lililoniuma kuliko yote, na nakuandikia ili angalau mtu mmoja ajue.

Leo kazi imeisha na tulikusanyika kwa Brekhus kupanga mwaka ujao. Unakumbuka inavyokuwa: aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono, watoto wanakimbia, kisha msimamizi anaita nyumba moja moja, na mwenye nyumba anasimama na kusema kama anabaki kwenye mzunguko. Anasimama mwanamume. Tangu nizaliwe sijaona kingine. Nilikuwa nimevaa koti langu. Nilikuwa nimeandaa maneno machache mazuri, ya kuondoa uchungu, ya kuonyesha kwamba familia ya Rambek ina mtu nyuma yake na kwamba yaliyopita yamepita.

Elling akaita, "Nyumba ya Sorbel." Mzee akasimama, akasema, "Tupo." "Nyumba ya Tufte." "Tupo." Hivyo hivyo mpaka akafika.

"Nyumba ya Rambek."

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema, "Jirani zangu wapendwa," na sikufika mbali, kwa sababu Elling aliinua mkono. Elling, Agnes, ambaye niliiba naye matofaa! Hakuwa na hasira. Alisema polepole kabisa, kama unavyomwambia mtoto aliyekosea benchi kanisani.

"Kaa chini, Torvald. Nimeita nyumba ya Rambek."

Watu wote walinitazama, wanawake kwa wanaume. Kule mwisho wa meza Gunhild akaweka bakuli lake chini, akasimama, mikono yake imejaa michubuko kuliko yangu. Hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Tupo."

Elling akasema, "Wa kwanza mwakani, badala ya mwaka huu," na akaita nyumba inayofuata.

Nami nikakaa.

Mumeo,
Torvald